Nani Amevuka Bahari?

Siku moja nilikuwa nimeketi pwani pamoja na mzee wa kijiji chetu, mvuvi tangu ujana wake, naye akitengeneza wavu. Nikamsimulia habari za watu wanaoingia baharini si kwa kuvua, wala si kwa kutafuta mali iliyozama, bali kwa kuogelea tu, kutoka nchi hii hata nchi ya pili. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, watu hao hawana chombo?" Nikamjibu, "Chombo wanacho, Mzee wangu. Huwafuata karibu, kimechukua chakula chao na watu wa kuwaangalia." Akavuta uzi wake, akasema, "Basi nani ajuaye kama hawakupanda?"

Swali la kwanza nililicheka. La pili nilirudi nalo nyumbani, nami nimelifikiri siku nyingi, maana naona si swali la waogeleaji peke yao. Ni swali la kila mtu afanyaye kazi mahali asipoonekana: mlinzi wa usiku, karani ahesabuye fedha peke yake, mwanafunzi afanyaye hesabu zake nyumbani, na mwalimu mwenyewe. Kazi iliyofanyika mbali na macho ya watu, twaijuaje kuwa ni ya kweli? Aliyeifanya kwa kweli, akishukiwa, afanyeje? Na sisi tunaomshuku, je, hatuna wajibu wo wote?

Kwanza tupime kazi yenyewe. Mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, mahali palipo pembamba, una upana wa kilomita 33 hivi. Si mwingi kwa merikebu, lakini maji yake ni baridi, na mikondo ya kujaa na kupwa humsukuma mwogeleaji huku na huku, hata njia yake ikawa ndefu kuliko ilivyo katika ramani. Hata hivyo mtu hodari aweza kuuvuka kwa safari moja, pasipo kulala. Wa kwanza kufanya hivyo bila msaada wa chombo cha kuelea alikuwa Kapteni Matthew Webb, Mwingereza, ambaye mwezi wa Agosti mwaka 1875 alitoka Dover akafika Calais baada ya saa 21 na dakika 45.

Lakini bahari kuu ni jambo jingine. Tuifanye hesabu kama tuifanyavyo darasani. Mtu akienda kilomita 3 kwa saa, na njia yake ikiwa kilomita 6,000, atahitaji saa 2,000, yaani siku 83 na zaidi, mchana na usiku, bila kufumba jicho. Hakuna mwanadamu awezaye. Basi hana budi kupanda chomboni kila siku, ale, alale, kisha ashuke tena majini. Na chombo baharini hakisimami. Yeye akiwa usingizini, upepo na mkondo vinakichukua. Akiamka amekwisha kusogea mbele kilomita kumi, ishirini, au zaidi. Kilomita hizo ni za nani? Ni zake, au ni za bahari?

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1998. Bwana Benoît Lecomte, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa akikaa Marekani, alifiwa na baba yake kwa ugonjwa wa saratani. Akaazimu kuogelea katika bahari ya Atlantiki, ili kumkumbuka baba yake na kuchangisha fedha za kuchunguza ugonjwa ule. Akaingia majini katika pwani ya Massachusetts mwezi wa Julai, akafika Quiberon, katika pwani ya Ufaransa, mwezi wa Septemba. Safari ilichukua siku zaidi ya 70, pamoja na mapumziko ya juma moja hivi katika visiwa vya Azores. Kila siku aliogelea saa kama 6 hata 8, amevaa vazi la mpira la kuzuia baridi na mapezi ya mpira miguuni, kisha akapumzika katika mashua iliyokuwa ikimsindikiza. Alipokanyaga nchi kavu watu wengi walishangilia, na ilistahili washangilie. Lakini wengine wakaanza kuuliza swali la yule mzee wetu: katika njia ile yote ndefu, ni sehemu gani aliyoogelea yeye, na ni sehemu gani iliyokwenda mashua naye akiwa ndani? Hapakuwa na hesabu iliyowaridhisha wote.

Naona Bwana Lecomte mwenyewe alilisikia swali lile. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 51, aliingia tena majini, mara hii katika pwani ya Choshi, Ujapani, nia yake kuogelea hata Marekani. Kanuni aliyojiwekea ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Kila alipopanda chomboni, mahali pale palipimwa kwa njia ya setilaiti, na siku ya pili yake ilimpasa kuingia majini pale pale, hata kama chombo kimechukuliwa mbele. Alijinyima msaada wa mkondo ili neno "kuvuka", kama angelipata kulisema, liwe kweli tupu. Lakini hakulisema. Mwezi wa Novemba, baada ya kuogelea maili za baharini kama 1,500, dhoruba zilikuwa zimeharibu tanga kuu, na safari ikakoma kabla ya nusu ya njia. Mwaka 2019 akaogelea katika sehemu ya bahari iliyo kati ya Hawaii na California, mahali mikondo inapokusanya takataka nyingi za plastiki, akisaidiana na wataalamu waliochukua vipimo vya taka zile. Hapo hakuwa akitafuta jina la mtu aliyevuka bahari. Mimi nathamini zaidi kilomita zile zilizokatika njiani, ambazo kila moja ilipimwa, kuliko ushindi wa kwanza wenye maswali.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2009. Magazeti yalitangaza ya kuwa bibi mmoja wa Marekani amekuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa kuogelea, kutoka visiwa vya Cape Verde hata Trinidad. Baada ya siku chache ikabidi habari isahihishwe: njia ilikuwa ya maili zaidi ya 2,000, naye aliogelea kama maili 250 tu, zilizosalia alizikwenda katika mashua. Sisemi bibi yule alidanganya, maana mara nyingi uongo huanza kwa mwenye kusimulia, si kwa mwenye kutenda. Lakini angalieni lililotokea. Kuogelea maili 250 katikati ya bahari kuu ni kazi kubwa. Ingalisimuliwa kama ilivyo, watu wangalistaajabu. Kwa kuwa ilivikwa jina lisilo lake, jina lile lilipovuliwa watu walicheka, na maili zile 250 za kweli zikapotea pamoja na 1,800 zisizokuwapo. Neno likizidi kazi haliikuzi kazi, bali huila.

Basi hili ni la kwanza katika niliyotaka kusema: namna mtu anavyoisimulia kazi yake ni sehemu ya kazi yenyewe. Aliyelima shamba vizuri kisha akasema amelima mawili, ameliharibu na lile moja.

Sasa nataka kusimulia habari ya mwaka 1927, ambayo katika habari zote za waogeleaji ndiyo iliyonigusa moyo zaidi, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Mwaka uliotangulia, 1926, msichana wa Marekani jina lake Gertrude Ederle alikuwa ameuvuka ule mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa kwa saa 14 na nusu hivi, wa kwanza katika wanawake, tena kwa upesi kuliko mwanamume ye yote aliyemtangulia. Huko Uingereza alikuwako Bibi Mercedes Gleitze, karani wa kupiga taipu mjini London, binti wa wazazi waliotoka Ujerumani. Hakuwa na mali wala jina. Alijaribu kuvuka mara saba, na mara zote saba maji yalimshinda. Tarehe 7 Oktoba 1927, usiku kabla ya mapambazuko, aliingia majini upande wa Ufaransa mara ya nane. Kulikuwa na ukungu na baridi kali. Jioni, baada ya saa 15 na dakika 15, alifika pwani ya Uingereza, mwanamke wa kwanza wa nchi ile kufanya hivyo.

Siku nne tu baadaye ikatoka habari nyingine. Daktari Dorothy Cochrane Logan, mwanamke wa Kiingereza, alitangaza ya kuwa naye amevuka, tena kwa saa 13 na dakika 10, upesi kuliko Gertrude Ederle. Akaweka sahihi katika hati ya kiapo, akapokea zawadi ya pauni 1,000 iliyotolewa na gazeti moja. Nchi ikafurahi. Kisha, hata majuma mawili hayajapita, daktari yule akasimama akasema kwamba yote hayakuwa kweli. Hakuogelea njia ile. Sehemu kubwa ya safari alikuwa ndani ya mashua. Fedha akazirudisha. Alijitetea kwamba alifanya hivyo makusudi, ili watu waone jinsi ilivyo rahisi kudanganya, maana hakukuwa na uangalizi wa haki juu ya waogeleaji. Lakini kiapo cha uongo ni kiapo cha uongo, naye akapelekwa barazani akatozwa faini.

Wasomaji, hapa pana swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu, maana daktari yule hakuwa mwongo wa kawaida. Hakutaka kukaa na fedha, wala hakungoja kukamatwa. Tena jambo alilolionya lilikuwa kweli, uangalizi ulikuwa hafifu. Na matunda ya jambo lile si mabaya yote, kwani katika mwaka ule ule wa 1927 kiliundwa chama cha kusimamia waogeleaji wa mlango ule wa bahari, na kanuni za namna ile zinafuatwa hata leo: mtu aanze katika nchi kavu na kumaliza katika nchi kavu, asishike chombo wala asishikwe na mtu, avae vazi la kawaida la kuogelea, na katika chombo awepo msimamizi asiye mtu wake, mwenye kuandika yote ayaonayo. Je, tuseme basi uongo wake ulikuwa mwema?

Mimi sisemi hivyo, na sababu yangu ni Bibi Gleitze. Daktari alitaka kuonyesha kwamba ukuta una ufa, lakini aliuonyesha kwa kuuangusha, na ndani alikuwamo mtu amelala. Mara tu uongo wake ulipofichuka watu wakaanza kunong'ona: kama huyu ametudanganya, yule wa juzi je? Karani yule aliyeshindwa mara saba, aliyepita katika ukungu ambamo watu hawakuona, nani ajuaye kama hakupanda? Wahenga wetu walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Lakini samaki wa mithali hii hawakuoza wenyewe, walisingiziwa harufu ya mwenzao. Imani ya watu ni kama kisima cha kijiji. Atiaye taka humo huenda hata hana kiu, nao wanaoteseka ni wale wanaokuja kesho yake na mitungi yao mitupu.

Hili ndilo la pili. Mwongo halipi gharama ya uongo wake peke yake. Mara nyingi hailipi kabisa, na hulipiwa na mkweli anayemfuata.

Bibi Gleitze alifanyaje? Angaliweza kusema, "Mimi nimevuka, atakaye kusadiki asadiki," akarudi kwenye taipu yake. Hakuna ambaye angemlaumu, kwani hakukosa neno. Lakini alisema atavuka tena, mbele ya macho ya wote. Tarehe 21 Oktoba, majuma mawili baada ya safari yake ya kweli, akaingia majini, na vyombo vyenye mashahidi na waandishi wa magazeti vikamfuata. Wakati ule wa mwaka maji ya kule ni baridi ya kuua. Aliendelea saa nyingi, baridi ikimwingia mifupani, hata usingizi ukamchukua, usingizi ule unaotangulia kifo. Baada ya saa zaidi ya 10 watu wake wakamtoa majini. Pwani hakuifikia.

Kwa hesabu ya kawaida alishindwa. Alikwenda kuthibitisha kwamba aweza kuvuka, naye hakuvuka. Lakini watu waliokuwa katika vile vyombo walikuwa wamemtazama saa zile zote katika maji yale, wakaona jinsi alivyovumilia, nao hawakuwa na shaka tena. Safari yake ya kwanza ikakubaliwa. Shingoni alikuwa amechukua saa ndogo, nayo ilipotolewa majini ilikuwa ikienda sawasawa, na wenye kuiunda wakaitangaza kwa fahari kubwa gazetini. Saa ilisadikiwa kwa siku moja. Mwanamke ilimbidi kukaribia kufa kwanza.

Baadaye aliogelea mahali pengi. Mwaka 1928 alikuwa mtu wa kwanza kuuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari wa Gibraltar, kutoka Ulaya hata Afrika. Na fedha alizozipata kwa kazi ile alizitumia katika kuanzisha nyumba za kuwasaidia watu maskini katika mji wa Leicester. Lakini mimi nikimfikiri simwoni Gibraltar. Namwona siku ile ya Oktoba akitolewa majini kabla ya kufika.

Wako wasemao kwamba mtu mwaminifu hahitaji shahidi, na kumwekea shahidi ni kumtukana. Sikubali. Mwaka 2013 Bibi Diana Nyad wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 64, aliogelea kutoka Kuba hata Florida, njia ya kilomita kama 177, kwa saa 53 hivi. Kazi hiyo yawashangaza wengi, nami ni mmoja wao. Lakini chama kimoja cha kimataifa cha waogeleaji wa maji ya wazi, kilipoichunguza mwaka 2023, hakikuithibitisha, kwa sababu maandiko yake yalikuwa na mapengo na mashahidi walio nje ya watu wake hawakutosha. Hakuna ajuaye yaliyo moyoni mwa mtu, wala si haki kumwita mtu mwongo kwa sababu daftari lake halikutimia. Lakini laiti daftari lingalitimia! Msimamizi mwenye kalamu si adui wa mwogeleaji. Ndiye amlindaye siku ambayo mwingine atadanganya. Karani akubaliye hesabu zake zikaguliwe hapunguzi heshima yake, anaiwekea akiba.

Basi ya kwanza na ya pili yanawahusu watendao. La tatu latuhusu sisi tunaotazama na kuhukumu, na hapo sina budi kusimulia kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya pwani. Mvulana mmoja alileta insha nzuri mno, nami nikaisoma mbele ya wenzake na kuisifu. Siku ya pili nikaiona insha ile ile, neno kwa neno, katika kitabu. Niliona aibu kubwa, maana nilikuwa nimesifu kazi ya kitabu mbele ya watoto arobaini, nao baadhi yao walijua. Juma lililofuata msichana mmoja, mtoto wa mvuvi, mkimya, asiyejibu swali darasani ila kwa kunong'ona, akaleta insha juu ya usiku ambao ngalawa ya baba yake ilichelewa kurudi. Aliandika jinsi mama yake alivyosimama pwani akihesabu taa za karabai za vyombo vilivyokuwa vikirudi, akazihesabu tena, na jinsi alivyokataa kuteremsha chungu motoni, akawa akiongeza maji kidogo kidogo ili chakula kisiungue. Nilipoisoma moyo wangu ulisema, "Mtoto huyu hawezi kuandika hivi." Nikamsimamisha mbele ya darasa zima, nikamwuliza, "Umenakili wapi?" Hakujibu. Nikakata insha yake kwa wino mwekundu.

Alipotoka kwenda kuketi, nikaona nimtendee haki, au niliita haki. Nikamwambia akae saa ya mapumziko aandike insha nyingine mbele yangu, juu ya njia yake ya kuja shuleni. Akaandika mkono ukitetemeka. Kengele ilipolia alikuwa amefika nusu ya ukurasa, na sentensi ya mwisho haikutimia. Insha haikuwa nzuri, iliandikwa kwa hofu. Lakini humo alikuwa ameandika kwamba njia yake hupita katika mkono wa bahari, kandokando ya mikoko. Maji yakipwa huvuka kwa miguu, na siku chache baada ya bamvua, maji yanapojaa asubuhi, njia hufungwa, ikambidi kuzunguka mbali. Kwa hiyo huutazama mwezi usiku kabla ya kulala, ili ajue kesho aamke lini, na mara nyingine hukosea.

Nilikuwa nimemwadhibu kwa kuchelewa mara nyingi mwaka ule, wala sikumwuliza sababu.

Nilijua papo hapo ya kuwa insha ya kwanza ilikuwa yake, maana aliyeandika ile ndiye aliyeandika hii, macho ni yale yale. Nusu ukurasa ule usiotimia ulinishuhudia kuliko ambavyo ukurasa mzima ungalinishuhudia. Nikachukua daftari, nikaandika maksi zake juu ya wino mwekundu, nikamrudishia. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Na jambo likaisha hapo.

Je, liliisha? Nilimshtaki kwa sauti mbele ya watoto arobaini, nikamsafisha kwa kalamu, kimya, mbele ya mtu mmoja. Wenzake walisikia swali langu, hawakulisikia jibu. Kwao alibaki aliyenakili. Sikusema neno kesho yake, wala juma lililofuata, kwa kuwa niliogopa kuonekana nimekosea mara mbili katika mwezi mmoja, kwanza kwa kumsadiki mwongo, kisha kwa kutomsadiki mkweli. Mwaka ukaisha, akamaliza shule akaenda zake, nami nikahamishwa.

Ndiyo sababu habari ya Bibi Gleitze hainitoki. Watu wale wa 1927, pamoja na mashaka yao yote, walifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Walimshuku hadharani, wakapanda vyombo wakaenda kutazama kwa macho yao, na walipokwisha kuona, walimkubali hadharani. Kushuku si dhambi. Mwalimu asiyeshuku atafanywa mjinga, na mtunza fedha asiyeshuku ataibiwa. Lakini shaka ina masharti yake. Lazima impe anayeshukiwa nafasi ya haki ya kujionyesha. Lazima mwenye kushuku awe tayari kutazama vizuri, hata akiletewa nusu ya ukurasa. Na ikionekana kwamba alikosea, toba yake iwe na sauti sawa na shtaka lake. Aliyeshtaki barazani asitubu chumbani.

Walimu wenzangu, ninyi mnajua jinsi neno moja la mwalimu lilivyo zito, na jinsi tunavyolitupa upesi tukiwa tumechoka au tumeona aibu. Nawasihi, mkipata daftari la namna ile, ulizeni polepole, wala si mbele ya watu. Na kama mmekwisha kuuliza mbele ya watu, basi mrudi mbele ya watu wale wale.

Nilipomaliza kuandika haya nilimwendea tena yule mzee, nikamweleza kwamba sasa wako wasimamizi wenye kalamu katika vyombo, nao hukaa macho mchana na usiku wakimtazama mwogeleaji. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Vema. Na huyo msimamizi, akikosea kuona, nani humtazama yeye?" Sikuwa na jibu. Lakini nilirudi nyumbani nikaongeza sehemu hii ya mwisho, ambayo hapo kwanza nilikuwa nimekusudia kuiacha. Gazeti hili hufika vijiji vingi vya pwani. Kama yule msichana, ambaye sasa ni mtu mzima, ataisoma, au atasomewa, basi na ajue, na wote waliokuwa darasani siku ile na wajue: insha ile ilikuwa yake.